Kopo la Sechelela

Saa kumi na moja alfajiri, Nkuhungu bado haina rangi,
na upepo wa Dodoma umeamka kabla yangu,
unakwaruza bati kwa vumbi la jana.
Napuliza mkaa. Nachemsha yai.
Kiazi cha jana usiku, kile nilichokibakiza kwa makusudi,
nakikata vipande vya kidole chake,
si changu: chake,
maana mdomo wa miaka mitano una vipimo vyake.

Kopo hili lilikuwa la maziwa ya kaka yake Nyemo,
ambaye sasa yuko darasa la sita na ana ndevu za kufikirika.
Nimelisugua kwa majivu mpaka likasahau jina lake.
Kifuniko kinakaza; kinataka kofi.
Ndani: yai, kiazi,
karanga alizotuma mama kutoka Mpwapwa,
zabibu tisa, nimezihesabu,
na kipande cha kitenge, masalio ya kwa fundi Mbeleje,
ndicho leso, ndicho kitambaa cha meza.
Chupa ina maji ya ubuyu. Sukari kidogo. Kidogo kweli.

Jumatatu alilia.
"Wenzangu wana biskuti za karatasi inayong'aa.
Ukiifungua inasema kra."
Sikuwa na jibu. Ni kweli, inasema.
Hata mimi naipenda ile kra.
Na kuna asubuhi, nisiwe mwongo, mkaa uliisha,
nikamtia mia tano mkononi akapitia dukani,
na ile karatasi nadhani ipo mpaka leo
kwenye miiba ya kando ya reli,
kule vichaka vinakochanua masika na kiangazi
maua ya buluu na ya fedha
yasiyotakiwa na nyuki hata mmoja.

Jumatano tulikwenda kwa Chidumizi kununua utumbo.
Sikumpeleka ili kumtisha; tulitaka supu tu.
Chidumizi alikuwa amepasua tumbo la mbuzi,
akashika kitu, akavuta,
akavuta,
kama fundi anayefumua mshono:
karatasi, kamba, mrija, karatasi.
"Huyu alishiba," akasema, "ila hakula."

Sechelela hakusema neno njia nzima.
Usiku, taa imezimwa, ndipo akauliza:
"Mama, yule mbuzi naye aliisikia kra?"

Siku hizi kila kitu kinarudi nyumbani.
Maganda ya yai tunawapondea kuku.
Maganda ya karanga yananiwashia moto wa kesho.
Mbegu za zabibu anazipanda nyuma ya bafu,
anazinywesha maji ya kunawia,
na hakuna iliyoota, wala haambiliki.

Jioni nalifungua kopo kama mtu anayefungua barua.
Likiwa tupu, siku ilikuwa njema.
Kiazi kikibaki, kuna ugomvi, nitaambiwa wakati wa kuoga.
Wiki iliyopita lilianza kurudi na maganda ya yai
yaliyomenywa kwa vidole vya namna mbili,
upande mmoja kwa subira, upande mwingine kwa njaa.
Lechipya, yule wa dawati moja naye,
huja shule mikono mitupu.
Basi sasa nachemsha mayai mawili.
Hatujalizungumza hilo, mimi na yeye.

Leo limerudi jepesi, linagongagonga.
Ndani ya kitenge kilichokunjwa mara tatu,
jino.
La mbele, la chini, dogo kama punje ya mtama.
"Limeng'oka kwenye karanga," akasema
kupitia pengo lake jipya.
"Sikulitupa."

Tukatoka uani. Upepo ulikuwa umetulia kidogo.
Akalirusha juu ya paa kwa mkono wake wote;
likagonga bati mara moja, likanyamaza.

Wiki nzima, ndicho kitu pekee tulichotupa.